Ukuaji wa Mhusika na Tatizo la Istilahi: Natsume Yūjinchō

Wafasiri wetu wengi huidharau filamu ya katuni, wakiamini kwamba haihitaji taamuli ya istilahi. Dhana hiyo haina msingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa anime mmoja wa Kijapani, kwamba jina moja likifasiriwa vibaya, ukuaji wote wa mhusika mkuu hupotea.

Mfululizo tunaouzungumzia ni Natsume Yūjinchō, uliotokana na hadithi za picha za Yuki Midorikawa zilizoanza kuchapishwa mwaka 2003. Anime yake ilianza kuonyeshwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa Takahiro Omori, na sehemu ya saba ilitoka mwaka 2024. Natsume Takashi ni yatima anayewaona viumbe ambao watu wengine hawawaoni. Kwa ajili hiyo aliitwa mwongo utotoni, akahamishwa kutoka kwa jamaa mmoja hadi mwingine, mpaka akapokewa na Shigeru na Touko Fujiwara. Amerithi kwa bibi yake, Reiko, daftari lenye majina ya viumbe aliowashinda. Ashikaye jina humwamuru mwenye jina. Natsume anaamua kuyarudisha.

Kwanza, istilahi yenyewe ya uhakiki. Wapo wasemao ‘maendeleo ya mhusika’. Neno maendeleo limezoea kilimo, viwanda na mipango ya serikali; nalo hudokeza kwamba mabadiliko yote ni ya kwenda mbele. Twaona afadhali kutenga maneno mawili: ‘ukuzaji’, ambao ni kazi ya mtunzi, na ‘ukuaji’, ambao ni hali ya mhusika mwenyewe. Tofauti hiyo yafaa hapa, kwa kuwa Natsume hakui kwa kupata nguvu. Nguvu alikuwa nazo tangu mwanzo. Anachojifunza ni kupokea wema bila ya kujiona mzigo.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, ni neno yōkai. Kwa Kijapani huandikwa kwa herufi mbili, zote zikiwa na maana ya jambo la ajabu lisiloelezeka. Halisemi kama kiumbe huyo ni mwema au mwovu. Mfasiri akiandika ‘shetani’, amekwisha kutoa hukumu kabla Natsume hajaonana na yeyote. ‘Jini’ lina mahali pake maalumu katika itikadi ya Kiislamu, na ‘pepo’ huleta fikira ya kupagawa na kupungwa. ‘Zimwi’ ni la ngano, nalo hula watu.

Hasara yake yaonekana katika kisa cha Hishigaki, kiumbe wa kwanza kurudishiwa jina lake. Mwanzoni anamfukuza Natsume kwa vitisho. Jina linaporudi, Natsume anaona kumbukumbu zake: Hishigaki alikuwa mpweke mwenye njaa, Reiko akampa andazi, naye akabaki kumngoja. Natsume anautambua upweke huo kuwa ni wake. Mtazamaji aliyekwisha ambiwa kwamba huyu ni shetani atadhani kijana amedanganyika, ilhali ndipo alipoanza kukua.

Kwa hiyo twapendekeza ‘mzuka’, kutokana na kuzuka: kinachotokea pasipo kutazamiwa. Neno hili hutisha kidogo, lakini halihukumu. Upatanisho wake uwe wa viumbe wenye uhai, ‘mzuka amekuja, mizuka wamekuja’, kwani hawa wana majina, nao hungoja na husikitika. Kwa Tsuyukami pekee twaona ‘mzimu’ lafaa zaidi. Huyu alitambikiwa katika kihekalu kidogo, akapungua kimo kadiri waumini walivyopungua, akatoweka pamoja na bibi mzee wa mwisho aliyemwamini. Msomaji anayejua maana ya kupeleka sadaka mzimuni hatahitaji maelezo.

Jina la mfululizo nalo tusilifanye ‘Kitabu cha Marafiki’. ‘Daftari’ ni bora, kwa sababu dukani daftari ndipo yaandikwapo madeni. Majina haya yalikuwa kama madeni yaliyoshikwa. Yanaporudishwa ndipo urafiki unapoanza.

Mhusika aliye karibu zaidi na Natsume ni Madara, mzuka mwenye umbo la paka mnene, aliyeahidiwa daftari siku Natsume atakapokufa. Kila mara husema atamla, na kila mara humwokoa. Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hatusemi kwamba kazi hii haina kasoro. Visa vingi hufuata mkondo mmoja, na Natsume huwaficha Fujiwara siri yake kwa muda mrefu kupita kiasi. Hata hivyo ukawiaji huo una sababu: mtoto aliyefukuzwa mara nyingi hajifunzi kuamini kwa siku moja. Tanuma, anayehisi mizuka kwa mbali tu, ndiye anayemfundisha kwamba mtu aweza kuaminiwa hata kama haoni yote.

Walimu watakaoutumia mfululizo huu darasani, na wafasiri watakaouandikia maneno ya Kiswahili, wayajaribu mapendekezo haya kwa kipimo kimoja: je, neno lililochaguliwa lamwachia Natsume nafasi ya kubadili mawazo yake? Lisipomwachia, halifai, hata kama limo katika kila kamusi.