Sikukuu yenye majina manne: Serikali hutangaza siku kwa lugha gani?

MWEZI wa Oktoba ukikaribia, swali moja huzuka upya jijini Nairobi: tarehe 10 ni siku gani? Kati ya 2019 na 2024 tarehe hiyo imeitwa majina manne: Moi Day, Huduma Day, Utamaduni Day na sasa Mazingira Day. Pita Ngara, kuanzia soko la Fig Tree hadi Park Road, umuulize mwenye kibanda cha mitumba kama atafungua siku hiyo. "Hiyo si ni Moi Day, mwalimu? Nitafungua. Kodi haina sikukuu."

Ni rahisi kusema kwamba mfanyabiashara huyo hafuatilii habari. Kwa maoni yangu, yeye ndiye aliye sahihi kuhusu lugha, na waliobadilisha majina ndio wanaohitaji kurudi darasani.

Tuanze na istilahi, maana hapo ndipo vyombo vya habari huchanganya mambo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 9, inataja siku za kitaifa tatu tu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Hizo ndizo siku za kitaifa. Sikukuu za umma ni kundi pana zaidi, na zinapatikana katika Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110: Krismasi, Pasaka, Leba Dei, Idd-ul-Fitr na nyinginezo. Sheria hiyo pia ina siku za waumini wa dini fulani pekee, kama Diwali kwa Wahindu, ambayo wakazi wa Ngara wa tangu zamani wanaijua bila kusubiri waziri awakumbushe. Kisha kuna siku za mara moja ambazo waziri huzitangaza kwa mamlaka aliyopewa na sheria, mfano 13 Novemba 2023 tulipoambiwa tukapande miti.

Kila siku ya kitaifa ni sikukuu ya umma, lakini si kila sikukuu ya umma ni siku ya kitaifa. Hata hivyo, utasoma kwenye gazeti "sikukuu ya kitaifa ya Idd", na redioni utasikia kwamba serikali "imetangaza Ijumaa kuwa likizo". Likizo ni muda ambao mfanyakazi au mwanafunzi anaruhusiwa kuwa nje ya kazi au masomo. Taifa zima halichukui likizo. Ndugu zetu wa Tanzania husema "siku ya mapumziko", na hawakosei.

Msomaji atauliza: si ni maneno tu? Siyo maneno tu. Katiba ilipopitishwa 2010 bila kuitaja Moi Day, nchi nzima ilisema siku hiyo "imefutwa". Kwa miaka kadhaa watu walikwenda kazini tarehe 10 Oktoba kama siku nyingine yoyote. Mwaka 2017, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haikuwa imefutwa. Katiba ilikuwa imeiondolea hadhi ya siku ya kitaifa, lakini Sura ya 110 haikuwa imerekebishwa, kwa hiyo ilikuwa bado sikukuu ya umma. Kwa muda huo wote mwajiriwa alikuwa na haki ya mapumziko na hakujua, kwa sababu nchi ilishindwa kutenganisha "kitaifa" na "umma". Sijui mfano mwingine wa karibuni ambapo kivumishi kimoja kilimgharimu mfanyakazi kiasi hicho.

Baada ya uamuzi huo, serikali ilikuwa na njia mbili: irekebishe sheria au iishi na jina. Ikachagua ya tatu. Desemba 2019 Moi Day ikaitwa Huduma Day, na Boxing Day ikaitwa Utamaduni Day. Kabla watu hawajazoea, Utamaduni ikahamishwa hadi Oktoba na tarehe 26 Desemba ikarudi kuwa Boxing Day. Mwaka 2024 sheria ikabadilishwa na Utamaduni ikawa Mazingira. Majina ya siku yalihamishwa kama viti vya harusini.

Kwa nini Madaraka na Jamhuri yameshika na Huduma haikushika? Kwa sababu nyuma ya majina hayo mawili kuna tukio. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata serikali ya ndani, na madaraka ni uwezo wa mtu kuamua mambo yake. Neno na tukio vinalingana. Mashujaa nayo naihesabu kuwa kazi nzuri kuliko zote. Siku hiyo iliitwa Kenyatta Day, kukumbuka kukamatwa kwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake tarehe 20 Oktoba 1952. Waandishi wa Katiba waliondoa jina la mtu mmoja wakaweka nomino katika wingi. Wangeandika "Shujaa", tungerudi kuuliza ni nani. Kiambishi ma- kilifanya kazi ya kisiasa ambayo hotuba nyingi haziwezi kuifanya.

Jamhuri ina kasoro moja ndogo. Tarehe 12 Desemba imebeba mambo mawili, uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964, na jina la pili limelimeza la kwanza. Waulize wanafunzi wako na wengi watakwambia kuwa jamhuri maana yake ni uhuru.

Sasa niambie: tarehe 10 Oktoba huduma ilifanya nini? Utamaduni je? Hizi ni nomino dhahania zilizobandikwa juu ya tarehe iliyowekwa kuuenzi utawala wa Rais Daniel arap Moi. Mazingira angalau inampa mtu kazi ya kufanya: kuchimba shimo na kupanda mche. Lakini hata hiyo haina kumbukumbu ndani yake, na siku isiyo na kumbukumbu haiadhimishwi, hupumzikiwa tu.

Lipo pia suala la sarufi. Katika Kiswahili nomino kuu hutangulia na maelezo hufuata: Siku ya Mashujaa, Sikukuu ya Madaraka. "Mashujaa Day" imevaa Kiswahili lakini mifupa yake ni ya Kiingereza. Mtu wa Ngara akisema "Mashujaa Day" simlaumu, ndivyo alivyosikia. Lawama naielekeza kwa wanaoandika matangazo ya serikali. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini matangazo ya Gazeti Rasmi la Serikali, mahali ambapo siku huzaliwa kisheria, kwa kawaida hutoka kwa Kiingereza, na neno moja la Kiswahili limewekwa katikati kama pambo. Ndiyo maana hatuna kitenzi kizuri cha tendo lenyewe. "Kutangaza" ni kutoa habari na pia ni kuamuru kisheria. Msikilizaji hawezi kujua ni lipi. Siku hizi wengine wanasema siku "imegazetiwa". Neno lenyewe halinikeri, ila mwananchi wa kawaida hudhani siku hiyo imeandikwa kwenye gazeti hili unalolisoma.

Kwa upande mwingine, ipo siku ambayo hakuna waziri aliyewahi kuitangaza na bado kila Mkenya anaijua. Saba Saba. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa Kamukunji tarehe 7 Julai kudai vyama vingi. Walikamatwa siku tatu kabla, lakini watu wakajitokeza hata hivyo. Jina lake ni tarehe yenyewe, limeundwa kwa Kiswahili kitupu, halina "Day". Tarehe 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati mwa Nairobi, na siku isiyo kwenye orodha yoyote ya sikukuu ikasimamisha jiji kuliko sikukuu nyingi zilizo kwenye orodha.

Tarehe hiyohiyo, Watanzania wana Saba Saba yao, kwani TANU ilizaliwa 7 Julai 1954. UNESCO nayo iliitenga Novemba 2021 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaiunga mkono 2024. Kwa hiyo lugha yetu ina siku inayotambuliwa ulimwenguni, lakini hapa Kenya si ya kitaifa wala si sikukuu ya umma. Siku bunge litakapoamua kuiingiza katika Sura ya 110, litalazimika kwanza kuamua tangazo lake litaandikwa kwa lugha gani.