Sifa ya Kigumba

Upinde umekwisha kupata sifa zake. Fumo Liyongo bado anasimuliwa katika pwani ya Kenya akiwa amepiga goti kisimani, uta mkononi, roho imekwisha kutoka, na watu wa mji wanakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Sijamsikia msimulizi aliyesimama kidogo kutueleza mbele ya mshale ule palikuwa na chuma cha namna gani. Jicho la watu hufuata mkono unaovuta, na kile kipande kidogo kinachofanya kazi yenyewe huachiwa fundi na mwindaji wakijue wao. Hicho ndicho ninachotaka kukisifu, hasa cha aina ya zamani: kigumba kipana cha makali yaliyokazwa, kisicho na pini, springi, wala bawa la kufunguka.

Tuanze na hesabu. Upinde wa kapi wa siku hizi, ukivutwa na mtu mwenye nguvu, huupa mshale nishati ya takriban jouli 100. Bunduki ya .375, ambayo katika nchi nyingi za Afrika ndiyo kima cha chini cha kupigia nyati, hutoa zaidi ya jouli 5,000. Mbele ya dume la nyati linaloweza kupita kilo 700, mshale hauna kishindo cha kumwangusha. Una makali tu. Hukata mapafu na mishipa mikubwa, na mnyama hufa kwa kuishiwa damu na pumzi. Ukikata vizuri, haendi mbali. Ukikata vibaya, anakwenda na kidonda chake vichakani, na hapo mwindaji amemtesa kiumbe na hajapata kitu.

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki waliukwepa mtihani huu kwa sumu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huponda misumari ikiwa baridi, bila tanuri, wakatengeneza vigumba, na vile vya wanyama wakubwa huvipaka sumu ya mimea, mmojawapo ukiwa waridi la jangwa. Wawaata wa nyika ya Tsavo waliua tembo kwa nyuta nzito mno na sumu ya mti wa Acokanthera, ambayo husimamisha moyo. Kigumba cha sumu hakihitaji upana. Kazi yake ni kuifikisha sumu kwenye damu na kubaki humo. Ni werevu mkubwa, lakini ni werevu wa mpika sumu kuliko wa mnoaji. Anayewinda bila sumu hana msaidizi huyo. Kila alichokosea kwenye jiwe la kunolea kitamfuata porini.

Ufundi huu wa makali matupu ulifufuliwa Marekani na watu wawili ambao ni vigumu kuwafikiria pamoja. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, alijitokeza karibu na mji wa Oroville, California, mwaka 1911, watu wake wote wakiwa wamekwisha. Akahifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu, na huko akazoeana na daktari wa upasuaji, Saxton Pope. Ishi alitengeneza vigumba vya jiwe jeusi la volkano, na hata vya vioo vya chupa, akivibandua vipande vidogo vidogo kwa shinikizo la ncha ngumu mpaka ukingo ukawa wembe. Pope alijifunza kwake, na baada ya Ishi kufariki mwaka 1916 akaendelea na vigumba vya chuma. Naona si bahati kwamba mwanafunzi alikuwa mpasuaji. Mtu anayeshika kisu cha hospitali kila siku anajua kwamba nyama haipasuki kwa nguvu za mkono.

Mwaka 1925 Pope, na mwenzake Art Young, walikuja Tanganyika kujaribu mishale hiyo kwa simba. Bunduki za wenzao zilisimama nyuma yao, na zilihitajika. Safari ile siisifu yote, kwani kwenda kwa simba na kijiti ili kuthibitisha jambo kuna majivuno ndani yake. Hata hivyo ilileta swali lililo wazi: kigumba gani kinafaa mnyama mwenye ngozi nene, misuli mizito na mifupa inayokataa?

Jibu lilichukua muda. Katika miaka ya 1980, huko Natal, Afrika Kusini, Mmarekani Ed Ashby alianza kupima mishale juu ya mizoga ya wanyama wakubwa waliouawa muda si mrefu, akipima imeingia kiasi gani na kilichovunjika ni nini. Aliendelea kwa miaka mingi. Jambo aliloliweka juu ya mengine yote si upana wala kasi, bali uzima wa mshale: kigumba kikipinda au kuvunjika, mengine yote ni bure. La pili ni kuruka kwa unyoofu. Akaonyesha pia kwamba mshale mzito, wa kuanzia greni 650, yaani gramu 42 hivi, hupenya mfupa mzito mara nyingi zaidi kuliko ule mwepesi unaokwenda mbio. Vijana wa maduka ya pinde hawakulipenda jambo hili. Kasi huuzika.

Basi kigumba cha mnyama mkubwa, kwa maoni yangu, kiwe na makali mawili, kirefu na chembamba, urefu ukikaribia mara tatu ya upana. Umbo hilo ni mteremko mrefu usiochosha: nguvu ileile humpeleka mpandaji mbali zaidi kuliko kwenye ukuta wa ghafla. Vya makali matatu au manne hufungua kidonda kikubwa, na kwa swala sina ugomvi navyo. Kwa nyati au pofu, kila bawa la ziada ni mlango wa ziada wa kulipia. Chuma kisiwe kigumu kupita kiasi kikameguka, wala laini kikapinda ncha kama ndoana, maana ncha iliyopinda husimama palepale ilipogusa mfupa. Afadhali ncha ya mkato mnene kidogo kuliko ile ya sindano inayopendeza dukani.

Kuna ubishi kuhusu kunoa upande mmoja tu wa kila ukingo. Wapo wanaosema ni mbwembwe. Mimi niko upande wa Ashby. Ukingo ulionolewa upande mmoja husukumwa na nyama upande mmoja, kwa hiyo kigumba huendelea kujizungusha ndani ya mwili, na kikikuta mfupa huupasua badala ya kutoboa tu tundu na kukwama humo. Sharti lake ni moja: mzunguko huo uelekee kule manyoya yalikoelekezwa. Mwelekeo wa manyoya ukiwa kulia na wa kigumba kushoto, mshale utagombana na nafsi yake wakati mbaya kabisa.

Na vile vya kufunguka? Huruka vizuri kwa sababu mabawa yamekunjwa, na mpiga shabaha wa wastani huonekana hodari. Lakini kufunguka kunakula nguvu, na nguvu ndiyo tuliyoikosa tangu mwanzo. Halafu kuna pini, na pini nyembamba haikutengenezwa kwa ajili ya bega la nyati.

Kigumba kilichokazwa kina kasoro yake, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii zaidi. Mabawa yake yaliyo wazi hushika hewa mbele, wakati manyoya yanashika hewa nyuma, na pande hizo mbili hushindania usukani. Mti wa mshale ukiwa mlaini kuliko upinde unavyotaka, au kigumba kikikaa upogo hata kidogo, mshale utakwenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo fundi huusimamisha mshale kwa ncha ya kigumba juu ya meza au kiganja akauzungusha kama pia, akitazama kama unayumba. Ukiyumba, anakitoa kigumba, anasawazisha mwisho wa mti, anakirudisha, anazungusha tena. Kisha anaupiga mshale wa ncha ya mazoezi kwenye karatasi iliyowambwa na kulisoma tundu: mpasuko wa kwenda pembeni au juu unasema mshale ulipita ukiwa mshazari, na upinde unataka kurekebishwa. Kigumba cha kufunguka kingeyaficha makosa haya. Hiki huyatangaza kwenye shabaha, wakati bado yanarekebishika.

Kunoa ni sura nyingine kabisa. Wanoaji visu wa mitaani, wanaozungusha jiwe kwa pedali ya baiskeli, wana mkono mzuri, lakini hii si kazi ya jiwe la mbio: chuma kikipata moto mpaka kikabadilika rangi kuwa bluu, ugumu wake umekwisha. Tupa hutangulia kusawazisha, kinoo kinafuata, pembe ikishikwa ileile bila kuyumba, mpaka kidole kihisi unyuzi wa chuma uliojikunja upande wa pili. Unyuzi huo huondolewa taratibu, na ukanda wa ngozi unamalizia, kama kinyozi wa zamani na wembe wake. Wengi hujaribu kwa kunyoa malaika ya mkono. Jaribio bora ni mpira wa kufungia noti: uvute, uguse na ukingo kidogo tu. Ukikatika mara moja, umenoa. Ukisukumwa kando kwanza, bado, kwa sababu mshipa wa damu nao hunyumbulika na kukwepa makali butu. Na kidonda kilichochanika hugandisha damu mapema kuliko kilichokatwa safi.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na msomaji wa huko huenda asione mbogo ila kwa darubini. Kigumba bado anaweza kukitengeneza, kukinoa na kukirusha kwenye shabaha. Anayewinda kwa kibali kwingineko asimpige mnyama mkubwa kwa mbali. Mita ishirini zinatosha, na kumi ni bora. Na kigumba kilichokwisha kupigwa kwenye shabaha, hata mara moja, kisirudi podoni kabla ya kunolewa upya.