Swali Lililofungwa Kamiti

Wanaoisifu Sauti ya Dhiki hukaa sana kwenye vina na Kimvita chake, wakapita upesi kwenye kosa lililoizaa. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka, Kenya: Twendapi?, kuilaumu serikali ya KANU kwa kukidhulumu chama cha upinzani, KPU. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, 1969 hata 1972.

Kufungwa kwa mtu, kweli, si ithibati ya uzuri wa shairi lake. Shairi lina mizani yake. “Mamba” husifiwa kwa fumbo, na ni haki. Lakini mamba aweza kuwa dhalimu yeyote, na dhalimu mwenyewe aweza kulisoma akamdhania jirani yake. “Kuno Kunena” haliachi mwanya huo: mfungwa auliza kwa nini kunena kwake kumemtia kifungoni, na apaswaye kujibu ajulikana. Kwangu mimi hili ndilo zito zaidi.

Kusifu vina peke yake kuna raha yake, wala hakumuudhi mtu. Mwaka 1974 diwani hii ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji.