Swali Moja juu ya La Noire de...: Je, Diouana Hana Sauti?

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayeulizwa swali juu ya filamu mara nyingi hulijibu swali jingine. Husimulia kisa toka mwanzo hadi mwisho, kisha huongeza aya moja ya kusema kwamba filamu inasikitisha au inafundisha. Insha ya namna hiyo yaweza kuwa na Kiswahili safi, wala isiwe uhakiki. Uhakiki huanza pale ambapo maneno ya swali yamepimwa, na matukio ya filamu yameitwa kutoa ushahidi, hata ule unaompinga mhakiki mwenyewe.

Makala haya yanachukua swali moja liwezalo kutolewa darasani: "Je, Diouana ni mtu asiye na sauti? Jadili." Filamu inayohusika ni La Noire de... (1966) ya Ousmane Sembène wa Senegali (1923-2007), aliyeitoa katika hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka 1962 katika mkusanyiko uitwao Voltaïque. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Jean Vigo mwaka 1966. Kisa chake ni chepesi kusimuliwa: msichana wa Dakar, mlezi wa watoto wa Wafaransa, anafuata mabwana zake hadi Antibes, huko anageuzwa mpishi na mfagiaji asiyetoka nje, mwishoni anajiua ndani ya beseni la kuogea. Wepesi huo ndio mtego. Anayekisimulia kisa hiki huona kwamba amekwisha kujibu: Diouana ameonewa, basi hana sauti.

1. Maneno ya swali

Neno "sauti" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja, na jibu hutegemea maana inayoshikwa. Kwanza ni mlio utokao kinywani na kusikiwa na watu. Pili ni usemi wa moyoni, ambao mtu hujisemea peke yake. Tatu ni mamlaka: husemwa kwamba mtu fulani hana sauti nyumbani mwake, hata kama hupiga kelele kutwa. Swali halikusema ni sauti ipi. Mwanafunzi asiyezitenganisha atatoa ushahidi wa maana moja ili kuthibitisha nyingine, na msomaji hatajua ni lipi lililothibitishwa.

Anwani ya filamu nayo inastahili kupimwa. Neno la Kifaransa "de", likifuatwa na nukta tatu, huacha nafasi tupu. Kiswahili kinaonyesha jambo hilo vizuri kwa -a ya uhusiano: "mtumishi wa Dakar" hutaja asili, "mtumishi wa Bibi" hutaja mwenye mali. Umbo ni lile lile. Filamu nzima ni safari kutoka maana ya kwanza hadi ya pili: aliyekuwa msichana wa mahali amekuwa msichana wa mtu.

2. Ushahidi wa ukimya

Huko Antibes, Diouana karibu hasemi kitu kwa kinywa, isipokuwa kuitikia "ndiyo, Bwana" na "ndiyo, Bibi". Siku ya wageni, mmoja wao anauliza kama binti huyo anajua Kifaransa. Anajibiwa kwamba hakisemi, ila anakielewa. Ndipo linapotoka neno kwamba basi anaelewa kwa silika, kama mnyama. Mgeni mwingine anambusu bila kumwomba ruhusa, kwa kuwa hajapata kumbusu mwanamke mweusi. Ikiwa sauti ni mamlaka, hakuna shaka: nyumbani mle Diouana hana.

Hata hivyo ushahidi huu una mpaka. Katika sehemu zinazorudi Dakar, Diouana yule yule anacheka, anabishana na mchumba wake, na anakimbia mtaani akitangaza kwa furaha kwamba amepata kazi kwa Wazungu. Hivyo basi, ukimya si tabia yake. Ni hali ya nyumba moja, yenye watu ambao hawakuwa na haja ya kumsikiliza. Insha inayosema "Diouana ni bubu" imechukua hali ya mahali ikaifanya sifa ya mtu. Hilo ndilo kosa la wale wageni mezani, ingawa mwanafunzi analirudia kwa huruma.

3. Ushahidi wa usemi

Tangu mwanzo, mtazamaji anasikia mawazo ya Diouana: anajiuliza watoto wako wapi, Ufaransa iko wapi ikiwa yeye haoni ila jiko na chumba cha kulala. Usemi huo wa moyoni una mpango na hoja. Unapima ahadi za Dakar kwa kazi za Antibes, na hatimaye unatoa hukumu. Wageni wanaona mnyama. Mtazamaji anasikia mtu anayefikiri.

Hapa lakini hutokea tatizo ambalo mhakiki mwenye elimu ya lugha hana ruhusa ya kulipita: mawazo hayo yote yamo katika Kifaransa fasaha. Yawezekanaje mtu ambaye huambiwa hasemi Kifaransa afikiri kwa Kifaransa cha namna hiyo? Tena sauti inayosikika si ya Mbissine Thérèse Diop, anayeonekana kwenye picha, bali ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji wa Haiti.

Jibu la kwanza ni la historia. Filamu ilitengenezwa kwa ushirika wa kampuni ya Sembène huko Dakar na kampuni ya Actualités Françaises ya Paris, na sauti ziliongezwa baadaye. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaeleza sababu tu, wala halielezi maana. Jibu la pili husema kwamba ni desturi ya sanaa: mtazamaji akubali kuwa anasikia tafsiri ya Kiwolof kisichosikika. Nalo ni la kweli, lakini ni jepesi mno. Tafsiri si kitu kitupu katika filamu ambayo kiini chake ni swali la nani anamsemea nani.

4. Barua

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika tukio la barua. Mama wa Diouana ameandika, yaani ameandikiwa, kwa kuwa kalamu ni ya mwandishi wa mtaani, na Sembène ndiye anayemwigiza. Bwana anamsomea Diouana barua hiyo. Kisha, alipoona kwamba Diouana hajibu, anachukua karatasi na kuanza kuandika jibu kwa jina lake. Anaandika habari njema ambazo Diouana hakuzisema. Diouana anaichana barua.

Bwana ana lugha na ana kalamu. Anampa Diouana maneno. Filamu nayo ina lugha ile ile, na inampa Diouana maneno. Tofauti iko wapi? Iko katika yale yanayosemwa: Bwana anaandika yale ambayo nyumba yake ingependa yasemwe, na sauti ya ndani inasema yale ambayo Bwana hangeweza kuyajua. Lakini tofauti hiyo haiondoi deni lote. Filamu imemtetea Diouana kwa lugha ya waliomnyamazisha. Mhakiki anayeficha jambo hilo kwa heshima ya Sembène hamheshimu, maana Sembène mwenyewe hakutulia hapo: mwaka 1968 alitoa Mandabi, ambayo watu wake husema Kiwolof, na kisa chake ni cha mzee asiyeweza kusoma karatasi iliyotoka Paris.

5. Vitendo

Tena Diouana anasema bila maneno. Kinyago alichowapa mabwana zake kama zawadi anakinyang'anya ukutani. Fedha za mshahara anazirudisha. Baada ya kifo chake, Bwana anapeleka sanduku, kinyago na fedha Dakar. Mama anakataa fedha, na mtoto anavaa kinyago na kumfuata Bwana nyuma hadi aondoke. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

6. Hitimisho

Jibu laweza sasa kuandikwa kwa sentensi chache. Diouana ana sauti katika maana ya pili. Katika maana ya tatu amenyimwa. Na katika maana ya kwanza amesikika kwa kinywa cha mwingine na kwa lugha ya wengine. Alichokosa ni msikilizaji.

Jambo hili linahusu pia chuo kikuu cha Lubumbashi au cha Bukavu, ambapo mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili huandika kazi yake ya lisansi kwa Kifaransa, hata inapohusu maneno ya mama yake mwenyewe. Kabla ya kuandika kwamba watu fulani hawana sauti, na aulize kwanza ni nani aliyekuwa chumbani, na kama alisikiliza.