Redio Iliyojengwa Kuizunguka Betri

Anayetaka kuielewa Ever Ready, kampuni ya betri ya Uingereza, asianze na tochi zake. Aanze na swali walilokuwa nalo wakulima wa kahawa wa Bukoba na Muleba miaka ya 1950: fedha ya msimu ipo, chama cha ushirika cha BNCU kimesajiliwa tangu 1950, lakini umeme kijijini haupo. Redio itakula nini?

Jibu lilikuwa limeshapatikana kusini. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alihangaika kuvishawishi viwanda vya Uingereza vitengeneze redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Ever Ready ikakubali, na mwaka 1949 ikatoka redio ya valvu nne, mitambo yake ikiwa ndani ya sufuria ya alumini isiyo na mpini, upana wake kama sentimita 23, imepakwa rangi ya buluu. Redio ilikuwa pauni 5, betri yake shilingi 25.

Tazama bei hizo mbili. Betri ilikuwa robo ya bei ya redio, nayo lazima inunuliwe tena na tena. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufundi wa kibiashara wa mpango huu: mwenye kiwanda cha betri ana sababu ya kuuza redio kwa bei ya chini, sababu ambayo muuza redio pekee hana.

Ufundi wa umeme nao haukuwa mwepesi. Valvu inadai chakula cha aina mbili: volti chache za kupasha moto waya wake mwembamba, na volti nyingi, kwa kawaida 90 hivi, za kuzivuta elektroni kutoka kwenye waya huo. Ever Ready ilitumia pakiti moja ya betri kavu iliyodumu kama saa 300. Kwa anayesikiliza saa mbili kila jioni, hiyo ni miezi mitano. Pakiti ya namna hiyo ikinunuliwa Julai, wakati kahawa inauzwa, ingefika Desemba. Kwa nyumba inayopata fedha mara moja kwa mwaka, muda huo una maana kubwa kuliko ubora wa sauti.

Redio hiyo ilipokea masafa mafupi, uamuzi ambao ungefaa pia huku ziwani. Kutoka Dar es Salaam, ambako kituo cha redio kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, hadi Bukoba ni kilomita 1,000 hivi kwa mstari ulionyooka. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana.

Kisha ikaja transista. Haina waya wa kupashwa moto wala haihitaji volti 90, hivyo ikaridhika na betri zilezile za tochi zinazouzwa duka lolote la kijijini. Pakiti maalumu ikakosa kazi, na katika miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita kikaanza jijini Dar es Salaam. Jina la kibiashara la Matsushita, National, likashika soko. Ever Ready, ambayo nje ya Uingereza iliuza pia kwa jina la Berec, iling'ang'ania betri za zinki na kaboni huku Duracell ikiuza za alkalini. Hanson Trust iliinunua mwaka 1981, na mwaka 1992 ikaiuza kwa Ralston Purina ya Marekani.

Betri ya zinki na kaboni, hata hivyo, ina jambo ambalo wenye redio vijijini walilijua bila kufundishwa: ukiianika juani, inaongea tena. Ndani yake kopo la zinki ndilo ncha hasi, kijiti cha kaboni katikati hupokea umeme, na unga wa manganizi huzunguka kijiti hicho. Ikitumika mfululizo, mabaki ya mmenyuko hujazana karibu na unga huo na kuuzuia. Pumziko huyapa nafasi ya kusambaa, na joto huharakisha kazi hiyo na kupunguza ukinzani wa ndani. Zinki iliyokwisha kuliwa hairudi, kwa hiyo nafuu ni ya muda mfupi. Ndiyo maana wengine huunga betri kadhaa chovu kwa waya, mkia kwa kichwa, nje ya redio: volti ndogo ya kila moja hujumlishwa na taarifa ya habari ikasikika. Zinazovuja zitolewe mapema, maana uji wake hula vyuma vya redio.