Paa Lililochongwa Gizani

Tierradentro iko kusini-magharibi mwa Kolombia, katika jimbo la Cauca, pale ambapo milima ya Andes imekunjamana na kukatwakatwa na mabonde membamba yenye mito ya kasi. Jina hilo ni la Kihispania na maana yake ni nchi ya ndani. Walilitoa Wahispania waliokuja kuiteka, kwa kuwa nchi yenyewe ilikuwa imejificha nyuma ya milima na wenyeji wake hawakuwa wepesi wa kushindwa. Juu ya migongo ya vilima vyake, chini ya nyasi na mizizi, yamo makaburi zaidi ya 100 yaliyochongwa ndani ya mwamba. Wataalamu huyaita hipogeo, neno lenye asili ya Kigiriki linalotaja kitu kilicho chini ya ardhi. Mengi yake yalichongwa kati ya karne ya 6 na karne ya 10 BK, na watu ambao hawakuacha maandishi, wala jina walilojiita halikutufikia.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno kaburi huleta picha ya shimo la mtu mmoja, lenye mwanandani ubavuni, linalofukiwa saa ile ile ya maziko. Hipogeo ni kitu kingine. Ni chumba, tena chumba chenye ngazi za kushukia, mlango, nguzo, kuta zilizopakwa rangi na dari iliyofikiriwa vizuri. Mtu mzima husimama wima ndani yake na kuzunguka. Vyumba vikubwa zaidi vina upana unaofikia mita 12, na sakafu zake ziko mita 5 hadi 8 chini ya uso wa ardhi. Ndani ya chumba kama hicho ndipo ufundi wa watu wa Tierradentro unapoonekana kuwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za mikono katika Amerika ya kabla ya Columbus, ingawa haujasifiwa hata robo ya piramidi za Meksiko au kuta za Wainka.

Ufundi huo uliwezekana kwa sababu ya mwamba wenyewe. Milima ya eneo hilo ni ya volkano. Nevado del Huila, volkano yenye kilele cha theluji, iko jirani. Majivu yaliyomwagika katika zama za kale yalishindiliwa na kugandamana hadi yakawa jiwe, lakini jiwe laini, linalokubali kuchongwa kwa jiwe lililo gumu kuliko lenyewe. Wachongaji hawakuwa na chuma. Dhahabu waliijua, lakini dhahabu haichongi mwamba. Walitumia mashoka na patasi za mawe magumu, wakakwangua na kugonga kidogo kidogo. Ulaini huo wa jiwe ulikuwa msaada na hatari kwa pamoja: mwamba unaokatika kwa urahisi huweza pia kumeguka kwa urahisi, na dari pana isiyoshikiliwa vizuri humwangukia anayeichonga.

Kazi ilianzia juu. Kwanza lilichimbwa shimo la kuingilia, na ndani yake zikachongwa ngazi, nyingine zikizunguka kama ganda la konokono, nyingine zikipinda kushoto na kulia kwa zamu. Vipandio vyake vingi ni virefu, kiasi kwamba anayeshuka hulazimika kujigeuza ubavu na kushika ukuta. Ngazi hizo hazikuletwa na kuwekwa mahali pake, kwa kuwa kila kipandio ni sehemu ya mwamba iliyoachwa pale kwa makusudi huku vyote vilivyoizunguka vikiondolewa. Kifusi chote cha chumba, kila kokoto na kila kikapu cha vumbi, kilipandishwa kupitia mlango huo mmoja, na mlango huo ndio uliokuwa njia pekee ya hewa na mwanga.

Hapo ndipo tofauti kati ya mwashi na mchongaji wa hipogeo inapojitokeza. Mwashi huongeza. Tofali likikaa vibaya hulitoa akaweka jingine, ukuta ukienda upande huubomoa akaanza upya, na kadiri anavyojenga ndivyo anavyoiona nyumba yake ikiinuka. Mchongaji wa Tierradentro alikuwa akipunguza tu. Nguzo inayosimama katikati ya chumba ilipaswa kuwamo kichwani mwake kabla hajafika pale ilipo, kwa sababu mahali pake palikuwa bado mwamba mtupu. Alichimba akiizunguka, akiiacha inene, kisha akaipunguza hadi ikafika umbo alilolitaka. Akipitiliza, hakuna udongo wala chokaa ya kurudisha jiwe lililokwisha kukatwa. Upana wa chumba, mwinamo wa dari, kimo cha nguzo na nafasi kati ya kidaka na kidaka ni mambo aliyoyapima kabla ya kuyaona, akiwa gizani, kwa mwanga wa moto. Ustadi wa namna hii hauanzi mkononi. Huanza katika uwezo wa kubeba nyumba nzima akilini na kuitoa ndani ya jiwe bila kupotea.

Vyumba vingi vina umbo la yai au nusu duara. Kuzunguka ukuta kumechongwa vidaka vikubwa, kila kimoja kikiwa kama chumba kidogo kilichofunguka kuelekea katikati, na kati ya kidaka na kidaka imeachwa mihimili iliyoshikamana na ukuta. Katika vyumba vikubwa, nguzo zilizojitenga husimama katikati na kubeba dari. Dari zenyewe ni za namna mbili. Vyumba vidogo vina dari ya mviringo kama kuba. Vile vikubwa vina dari ya mgongo, yenye pande mbili zinazoteremka, sawasawa na paa la nyumba.

Dari hiyo ya mgongo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote cha Tierradentro. Chini ya ardhi hakuna mvua. Maji hayahitaji mteremko wa kutiririkia, wala hakuna makuti au nyasi zinazohitaji kuinamishwa. Mchongaji aliyelikata jiwe katika mwinamo huo alikuwa akiiga nyumba ya walio hai, akamjengea marehemu makazi yenye sura ile ile aliyoizoea. Nyumba hizo za juu zilijengwa kwa miti na nyasi kwenye matuta yaliyosawazishwa vilimani, na zote zimeoza zamani. Paa zake za nyasi hazipo, nguzo zake za miti hazipo, lakini mfano wake umebaki chini, umeandikwa kwa jiwe. Kwa hiyo anayetaka kujua watu hao waliishi ndani ya nyumba za namna gani hana budi kushuka makaburini mwao. Ufupi wa maisha ya paa la nyasi unaonekana hata leo katika eneo hilo: kanisa la kale la San Andrés de Pisimbalá, lililoezekwa kwa nyasi, liliungua mwaka 2013, ilhali paa za jiwe zilizo chini ya kilima cha jirani zimepita miaka elfu na ushee.

Baada ya mchongaji kulikuja kazi ya rangi. Kuta zilipakwa nyeupe kwanza, kisha juu ya weupe huo zikachorwa mistari myekundu na myeusi. Michoro mingi ni ya maumbo ya kijiometri: miraba iliyosimamishwa kwa pembe, mmoja ndani ya mwingine, na mistari inayokwenda sambamba kutoka sakafuni hadi darini. Mtu aliyekulia kwenye mikeka ya ukili ataitambua haraka mantiki yake, kwa kuwa ni ile ile ya msukaji anayerudia umbo moja hadi likaujaza uwanja wote. Juu ya nguzo na mihimili zilichongwa nyuso za watu, zimejitokeza kidogo kutoka kwenye jiwe na kukaziwa kwa rangi. Nyuso hizo ziko kimo cha macho au juu yake, zikimtazama aliyesimama katikati. Kwa mwanga unaochezacheza wa mwenge, wekundu na weusi juu ya weupe huonekana kama unapumua, na bila shaka mchoraji aliyefanya kazi katika mwanga huo huo alilijua hilo.

Vyumba hivi havikuwa vya kumlaza maiti mara baada ya kufa. Marehemu alizikwa kwanza katika kaburi dogo na la kawaida. Nyama ilipokwisha kuoza, mifupa ilitolewa, ikakusanywa na kuhamishiwa katika hipogeo, ambako iliungana na mifupa ya wengine. Mingi iliwekwa ndani ya mitungi ya udongo. Mitungi hiyo nayo ni kazi ya fundi hodari: mwilini mwake mlichomwa vitobo vidogo vidogo vilivyojazwa unga mweupe ili mchoro ujitokeze juu ya udongo uliokoza, na mingine ina nyoka, mijusi na tandu waliobandikwa kwa udongo, wakitambaa kuelekea mdomoni. Ukubwa wa chumba unaeleweka zaidi kwa desturi hiyo. Hakikuwa cha mtu mmoja, kilikuwa makazi ya kundi zima, na walio hai walishuka ngazi zile wakiwa wamebeba watu wao kwa mara ya pili.

Makaburi hayo yamesambaa katika vilima vinavyokizunguka kijiji cha San Andrés de Pisimbalá. Alto de Segovia ndiko yaliko yale makubwa na yaliyohifadhika vizuri, yenye nguzo zenye nyuso na miraba ya rangi ambayo bado ni mikali. El Duende kuna machache. Alto de San Andrés kuna vyumba ambavyo rangi yake imedumu. El Tablón hakuna hipogeo za kutembelea bali sanamu za mawe, ndugu wa zile za San Agustín iliyo upande wa kusini. San Agustín na Tierradentro ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 1995.

Uchunguzi wa kitaalamu ulishika kasi katika miaka ya 1930, kupitia watu kama Mhispania José Pérez de Barradas na Mkolombia Gregorio Hernández de Alba. Kabla yao walikwisha kupita wasaka dhahabu. Makaburi mengi yalivunjwa, mitungi ikapasuliwa na mifupa ikatawanywa kwa ajili ya vipande vichache vya pambo, na kwa kitendo hicho ulipotea utaratibu wa nani alilazwa kando ya nani, jambo ambalo hakuna jumba la makumbusho linaloweza kulirudisha.

Wenyeji wa leo wa Tierradentro ni Wanasa, ambao lugha yao ni Nasa Yuwe. Wao hawajihesabu kuwa wazao wa wachongaji hao. Hata hivyo wanalima na kuishi juu ya vilima hivyo hivyo, na waliupata msiba wa nchi hiyo kwa ukamilifu wake tarehe 6 Juni 1994, tetemeko kubwa lilipoitikisa milima, miteremko iliyoloa mvua ikaporomoka na tope likafurika katika bonde la mto Páez na kuua mamia ya watu.

Adui wa kila siku wa makaburi ana sauti ya chini kuliko tetemeko. Chumba kilichofungwa kwa karne nyingi kilikuwa na hewa na unyevu usiobadilika. Kilipofunguliwa, maji ya mvua yalianza kupenya, kuvu wakaota kutani, chumvi ikatoka ndani ya jiwe na kuisukuma rangi hadi ikabanduka. Ndiyo maana milango ya makaburi mengi sasa imejengewa vibanda na kufunikwa, na walinzi wa hifadhi hufungua kwa zamu, wageni wachache wakashuka, kisha kifuniko kikarudishwa.

Alto del Aguacate iko mbali zaidi, kwa miguu, juu ya mgongo mwembamba wa mlima ambako mashimo ya makaburi yamefuatana mstari mmoja na mabonde yanaonekana pande zote mbili. Huko uharibifu ni mkubwa, na kuta nyingi zimepoteza rangi yake. Anayeshuka na taa ya mkononi hukuta jiwe tupu, na juu ya jiwe hilo, pale ambapo hakuna tena weupe wa kulifunika, zinaonekana alama za zana zilizolichonga.