Jicho kwanza, penseli baadaye

Willem van de Velde Mkubwa, Mholanzi aliyezaliwa 1611, alikwenda vitani na karatasi. Mwaka 1666, katika Vita vya Siku Nne kati ya Uholanzi na Uingereza, alikaa ndani ya chombo kidogo akichora meli za matanga zikipigana mizinga. Baadaye akahamia Uingereza, na mwaka 1674 Mfalme Charles II akampangia pauni 100 kwa mwaka kwa kazi hiyohiyo.

Tazama mpangilio wa kazi yake. Huanza kwa grafiti hafifu: usawa wa maji, mwinamo wa meli, kimo cha milingoti. Kisha mkono unakaza penye uzito au kivuli tu, na mara nyingi rangi ya kijivu ya maji hupitishwa juu. Mwanga hauchorwi, ni karatasi iliyoachwa wazi. Kamba chache zikikaa mahali pake, mtazamaji huzikamilisha mwenyewe.

Hata hivyo, michoro hiyo hutuonyesha ubavu wa meli zaidi kuliko sitaha. Aliyekaa chini majini, upeo wa macho yake uko chini pia. Sitaha inayomzidi kimo haionekani kabisa, na iliyo sawa na jicho lake hugeuka mstari mmoja. Kadiri mchoraji anavyopanda, ndivyo mbao za sitaha zinavyofunguka mbele yake.

Hapo ndipo mteremko wa Muhumba, juu ya ziwa, unapomfaa mchoraji wa Bukavu. Kutoka juu, mashua ya wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza Ziwani Kivu, yaani mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, huonyesha matumbo yake yote. Aanze kwa penseli ngumu, 2H, akiweka upeo wa ziwa juu kwenye karatasi. Achore mihimili ya mitumbwi hiyo mitatu ikielekea nukta moja kwenye upeo huo, ndipo aipitishe miti ya kuiunganisha. Penseli laini, 2B, aitumie ndani ya mitumbwi na chini ya miti, palipo na giza. Mdomo wa mtumbwi unaopigwa na jua auache bila mstari.

Wengi husifu wepesi wa mkono katika mchoro wa namna hii. Mkono una sehemu yake, lakini mstari hafifu hubeba chombo kizima pale tu mchoraji alipokwisha kuamua amekaa wapi.